Adabu ya Mtu Mwingine

Kila tulipofika geti la kijani, kabla ya daraja la Naryn,
Toru alisimama.
Si kwa woga: masikio hayakulala, jasho halikumtoka.
Alisimama tu, kama karani aliyefika ofisini kwake.

Nilimpiga visigino. Nilimpiga mjeledi.
Nilimtukana Kikirigizi, nikaongeza Kirusi,
maana matusi ya Kirusi yana mifupa.
Lori la makaa likapiga honi.
Mtoto wa jirani akanipita na punda wake,
akaniamkia kwa heshima iliyonichoma.

Basi nikamwita Tologon, mfunza farasi wa At-Bashy.
Alishuka kwenye basi la asubuhi na mfuko wa plastiki:
kamba moja, kipande cha mkate, soksi za akiba.
Nilitegemea pande la mtu. Alikuwa mfupi, ana mafua.
Ujira wake kondoo mmoja; akishindwa, nusu kondoo.
Nikamuuliza nusu ipi.
Akasema, "Ya nyuma."

Siku ya kwanza hakumgusa farasi.
Alinitazama mimi nikishika hatamu.
"Mkono wako msemaji sana," akasema.
"Unauliza, na kabla hajajibu umeshauliza jingine."

Siku ya pili akanifunga kitambaa machoni,
akanipandisha bila tandiko,
akatuzungusha uani, yeye na kamba yake.
"Niambie, mguu upi unakanyaga sasa?"
Nilikosea mara kumi na moja.
Ya kumi na mbili nilibahatisha, naye akajua.

Siku ya tatu tukaenda getini. Toru akasimama.
Nikainua mjeledi; Tologon akaushika kwa vidole viwili,
kama mtu anayetoa unywele kwenye supu.
"Leo hatumfundishi. Leo tunamsoma."
Akatazama saa. Akapenga kamasi.
Dakika ishirini na mbili.
Theluji nyepesi ilitua kwenye singa, haikuyeyuka.
Kisha Toru akashusha pumzi, akageuza shingo
kama anayempisha mtu apande,
akaondoka mwenyewe, akavuka,
kwato zikigonga mbao za daraja.

"Nani alimpanda kabla yako?"
"Baba. Tulimzika mwezi wa tatu."
"Farasi huyu hajakosa adabu," akasema Tologon.
"Ana adabu ya mtu mwingine."

Sikujibu. Nilikuwa nahesabu.
Miaka tisa, kila Jumapili, baba alichelewa kutoka mnadani,
na miaka tisa alimwambia mama: farasi huyu mvivu.
Na jioni hizo mama alimnyima Toru shayiri.
Hata hilo alilibeba.

Kazi ikaendelea. Tulizipunguza dakika kidogo kidogo:
kumi na tano, tisa, nne.
Nabana mapaja, anatoa hatua moja, nalegeza papo hapo.
"Kulegeza ndiyo ahsante yako," alisema Tologon.
"Wewe ahsante yako huwa inachelewa."
Tulirudi nyuma siku mbili, kwa hasira zangu.
Tukaanza tena.

Jumapili ya mwisho ya Novemba tulipita.
Hatua haikupungua. Sikio tu, la kushoto,
liligeukia geti, likarudi.
Pazia likasogea dirishani: mwanamke wa makamo,
kitambaa cheupe kichwani,
mkono wenye unga umeinuka nusu,
ukabaki hapo.

Tologon alichukua kondoo mzima,
akapanda naye basi, wakigombania kiti.

Usiku nilimpa Toru shayiri, kipimo chake,
kisha kingine, kwa zile jioni.
Mama akauliza kutoka mlangoni, "Amepona?"
"Amepona."
Akasimama kidogo pale, mikono kwapani.
"Kilikuwa nini?"
"Uvivu," nikasema.

Jumapili iliyofuata tulikuwa wawili tu, yeye na mimi.
Karibu na geti nikavuta hatamu, polepole, kama nilivyofundishwa.
Toru akatikisa kichwa,
akapita.